Kaboni Haina Kwao

Jua la mchana likiwaka juu ya misindano ya Olmotonyi, kwenye mteremko wa Mlima Meru ulio juu ya Ngaramtoni, hewa hujaa harufu ambayo kila aliyesoma Chuo cha Misitu anaijua. Watu huiita harufu ya msitu, hewa safi, hewa ya asili. Mkemia akiivuta hewa hiyohiyo atasema amenusa mvuke wa haidrokaboni: pineni, felandreni na ndugu zao, kila molekuli ikiwa na atomu 10 za kaboni na 16 za haidrojeni, bila kitu cha tatu. Mvuke huo ni wa ukoo mmoja na gesi ya mtungi wa jikoni, mafuta ya taa, mshumaa na ndoo ya plastiki. Undugu huu unawakera wengi, kwa sababu katika mazungumzo ya kila siku tumeshazigawa dutu zote kambi mbili. Huku viko “vya asili”, na hivyo ni salama; kule ziko “kemikali”, na hizo ni sumu. Mboga “za kemikali” hunyoshewa kidole, sabuni “isiyo na kemikali” hupandishwa bei. Ninachodai hapa ni kwamba mgawanyo huo ni mbovu, unatupotosha katika mambo ya afya na ya mfukoni, na ushahidi wa kuuvunja umetapakaa katika kilometa chache kati ya Olmotonyi, Ngaramtoni na Kisongo. Dutu hufanya inavyofanya kwa sababu ya umbo la molekuli zake. Ilikotoka haina neno la kusema.

Umbo hilo huanza na mikono minne. Ndivyo walimu wetu wanavyoieleza kaboni, na mfano huo umewafaa wanafunzi wengi: kila atomu ya kaboni ina mikono minne ya kushika wenzake, haidrojeni ina mmoja tu. Kaboni moja ikishika haidrojeni nne, mikono yote imejaa, nasi tumepata methani. Kaboni mbili zikishikana na mikono iliyobaki ikajazwa haidrojeni, hiyo ni ethani. Zikiwa tatu, propani. Zikiwa nne, butani. August Kekulé, mkemia wa Kijerumani, aliieleza kanuni hii mwaka 1858, na tangu hapo kemia ya kaboni imekuwa kazi ya kuhesabu mikono na kuchora minyororo. Urefu wa mnyororo peke yake unafanya mengi. Methani huchemka kwenye nyuzi 162 chini ya sifuri, na katika joto letu huwezi kuigeuza kimiminika hata uibane vipi. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri na butani karibu kabisa na sifuri. Hizo zikibanwa hukubali kuwa kimiminika, ndiyo maana zikawa gesi ya mtungi. Mnyororo ukifika kaboni 10 hadi 16 tumefika kwenye mafuta ya taa, ukipita 20 tunaingia kwenye nta ya mshumaa, ukifika maelfu tunashika plastiki mkononi. Viungo ni vilevile viwili mwanzo hadi mwisho. Hata moto unaolegea asubuhi za Juni na Julai huko juu mlimani una maelezo humu: mtungi wenye butani nyingi kuliko propani hutoa gesi kwa unyonge kwenye baridi, na si lazima muuzaji awe amempunja mtu.

Serikali nayo imewahi kupambana na urefu wa minyororo, ingawa hakuna aliyeliita suala hilo kwa jina hilo. Mafuta ya taa na dizeli hukaribiana sana kwa urefu wa molekuli, kiasi kwamba yakichanganywa hayatengani wala hayajionyeshi kwa macho. Mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo ili mnyonge awashe koroboi. Wajanja wakayamimina kwenye dizeli na kubaki na tofauti ya bei. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za utambuzi, kwenye mafuta mwaka 2010, na bajeti ya 2011/12 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili faida ya uchakachuaji ife. Kama haidrokaboni zingetofautiana kwa asili, sheria ingetosha kuzitenganisha. Zinatofautiana kwa urefu, na urefu huo huingiliana, ikabidi kutafutwa alama ya kuwekwa na binadamu.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni methani yenyewe. CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini kilichopo Arusha, tangu miaka ya 1980 kimekuwa kikieneza mitambo ya biogesi katika kaya za wafugaji. Ng'ombe amefungwa zizini, samadi inachanganywa na maji, bakteria wasiohitaji hewa wanaila gizani, na jikoni panawaka mwali wa bluu. Sasa teremka hadi kisiwa cha Songo Songo, wilayani Kilwa. Gesi iligunduliwa pale mwaka 1974 na imekuwa ikiendesha mitambo ya umeme Dar es Salaam tangu 2004. Zaidi ya asilimia 95 yake ni methani. Ya kwanza ina umri wa wiki chache, ya pili ina mamilioni ya miaka. Moja imetoka tumboni mwa ng'ombe wa Arumeru, nyingine imetoka kwenye mwamba chini ya bahari. Lakini kaboni moja iliyoshika haidrojeni nne ni kaboni moja iliyoshika haidrojeni nne. Biogesi ina kabonidioksidi nyingi na harufu kidogo ya yai viza, kwa sababu ya gesi nyingine zilizochanganyika humo. Ukizichuja, methani inayobaki itaivisha ugali kwa muda uleule na kwa moto uleule.

Hapa pana pingamizi ambalo lina haki, na silikwepi. Wanaotetea mazingira watasema asili ya gesi hiyo ni jambo kubwa sana, maana kaboni ya biogesi ilikuwa hewani msimu uliopita na inarudi hewani, wakati ile ya Songo Songo ilikuwa imezikwa na sisi ndio tunaoifukua. Ni kweli. Kuna hata saa ya kupimia jambo hilo: kaboni-14, ambayo hupungua nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi, ipo kwenye samadi ya leo na imekwisha kabisa kwenye gesi ya kale. Lakini tazama vizuri kinachopimwa. Hiyo ni hesabu ya mzunguko wa kaboni duniani, na katika hesabu hiyo biogesi inashinda. Haigusi tabia ya molekuli. Mtambo wa biogesi unaovuja hutoa methani ambayo, kilo kwa kilo, hupasha joto dunia takriban mara 28 kuliko kabonidioksidi katika miaka 100, sawasawa na bomba la gesi linalovuja. Kaya ikiamini kwamba gesi yake haina madhara kwa kuwa ni ya ng'ombe, haitahangaika kuziba ufa.

Turudi juu kwenye misindano, kwa sababu haidrokaboni za miti zina mambo mengi kuliko tunavyozidhania. Kwanza, misindano yenyewe si wenyeji. Aina iliyopandwa sana kwenye mashamba ya miti ya Tanzania, Pinus patula, imeletwa kutoka Mexico, kama mikaratusi ilivyoletwa kutoka Australia. Hewa tunayoisifu kuwa ya asili ya Meru ina wahamiaji wengi ndani yake. Pili, ile hesabu ya kaboni 10 na haidrojeni 16 haitaji kitu kimoja. Mikono ikishikana kwa namna moja unapata pineni, yenye pete mbili zilizobanana, yenye harufu ya utomvu. Atomu hizo zikipangwa upya bila kuongeza wala kupunguza hata moja, unapata limonini, mafuta yanayokurukia machoni unapomenya chungwa. Ukiweka atomu moja ya oksijeni na haidrojeni mbili zaidi unafika kwenye sineoli, harufu ya mkaratusi iliyo kwenye dawa za kuchua kifua. Mtarakwa, ambao ndio mwenyeji halisi wa mlima huu, una sedrini ya kaboni 15 kwenye mafuta ya mti wake, na nguzo zake zina sifa ya kukataliwa na mchwa. Mti hautengenezi vitu hivi ili utufurahishe. Utomvu ni ngao: hufukuza wadudu, hufunga jeraha, huua kuvu. Ukiuchemsha unapata tapentaini, kimiminika kinachoshika moto haraka, kinachounguza ngozi, na kinachoweza kumuua mtoto akikinywa. Kiwanda hakijaongeza sumu yoyote humo. Kimeikusanya tu.

Kama bado mpaka kati ya mti na petroli unaonekana imara, uko msindano mmoja huko California, Pinus jeffreyi, ambao utomvu wake ukichemshwa hutoa heptani karibu tupu: mnyororo mnyoofu wa kaboni saba, haidrokaboni ileile iliyomo kwenye petroli. Waliojaribu kuuchemsha wakidhani watapata tapentaini ya kawaida walilipukiwa. Na mwaka 1926, wahandisi walipotafuta kipimo cha ubora wa petroli, heptani ya mti huo ndiyo iliyowekwa kuwa sifuri ya kipimo cha okteni. Kwa hiyo namba inayosomwa leo kwenye pampu za mafuta ilianzia kwenye utomvu wa mti.

Wanakemia wenyewe waliwahi kuamini mgawanyo huu ninaoupinga, tena kwa dhati. Mwanzoni mwa karne ya 19 ilishikiliwa kwamba dutu za viumbe hai zinahitaji nguvu ya uhai ili ziwepo, na kwamba maabara haiwezi kuzitengeneza. Mwaka 1828 Friedrich Wöhler, akiwa Berlin, alipasha moto chumvi isiyo na uhai wowote akapata urea, dutu ya mkojo, bila figo. Imani ile haikufa siku hiyohiyo, lakini haikupona tena. Urea hiyo leo inauzwa kwenye mifuko katika maduka ya pembejeo Ngaramtoni, imetengenezwa kwa gesi asilia na naitrojeni ya hewani, na mkulima huinyunyizia mahindi hatua chache kutoka zizi ambamo ng'ombe wake anaimwaga ileile bure. Mtetezi wa samadi atasema samadi hujenga udongo na urea ya mfuko haijengi. Amesema kweli, ila sababu yake ni kwamba samadi imebeba nyuzi za majani, fosforasi, potasiamu na chakula cha wadudu wa udongoni pamoja na urea. Mmea ukishaipokea naitrojeni haujui imetoka mfukoni au zizini. Lugha yetu, kwa bahati njema, imetuepusha na mkanganyiko mmoja walio nao Waingereza, ambao hutumia neno lilelile kwa kemia ya kaboni na kwa mboga zisizopigwa dawa. Sisi tuna kilimo hai kwa hili na kemia ya kaboni kwa lile. Tungeitumia bahati hiyo vizuri zaidi kama neno “kemikali” tusingeligeuza tusi.

Gharama ya kuligeuza tusi inaonekana jikoni. Hakuna kitu cha asili kuliko kuni zilizookotwa mlimani. Lakini kuni zikiungua bila hewa ya kutosha, joto huvunja mbao kuwa vipande vidogo vya kaboni na haidrojeni, na vipande hivyo hushikana upya kuwa pete. Pete moja ya kaboni sita ni benzini, inayosababisha saratani ya damu. Pete tano zilizoungana ni benzopireni, kaboni 20 kwa haidrojeni 12, ambayo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka kwenye kundi la kwanza, kundi la vile ambavyo madhara yake kwa binadamu yamethibitika. Molekuli hiyo imo kwenye moshi wa kuni, wa sigara na wa lori la dizeli, na kwenye mafuta ya nyama choma yanayodondokea makaa. Mama anayepika kwa mafiga matatu katika nyumba isiyo na dirisha anaivuta kila siku, na mara nyingi amembeba mtoto mgongoni. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehamia nishati safi ifikapo 2034. Hofu ya gesi ni mojawapo ya vikwazo vyake, na sehemu ya hofu hiyo ina msingi: propani na butani ni nzito kuliko hewa, zikivuja hutambaa sakafuni na kujikusanya pasipoonekana, ndiyo maana huwekewa kikolezo kinachonuka. Hatari hiyo ina umbo linaloeleweka na kinga inayoeleweka; fungua mlango, usiwashe kiberiti, funga mtungi. Hofu isiyo na msingi ni ile inayosema moshi ni bora kwa kuwa babu aliuvuta.

Nimefika kwenye pingamizi zito kuliko yote, nalo linakaa Ngaramtoni. Pale ndipo ilipokuwa taasisi ya utafiti wa viuatilifu iliyojulikana kwa miaka mingi kama TPRI, ambayo kwa sheria ya mwaka 2020 imeingia katika Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Mwenye shaka atauliza: kama asili haina maana, mbona dutu zilizotuletea balaa, DDT na dieldrini, zilibuniwa maabara? Historia yao hapa kwetu ina pande mbili. Katika mradi wa malaria wa Pare na Taveta, miaka ya 1950, nyumba zilipigwa dieldrini na vifo vya watoto wachanga vikapungua. Baadaye ikajulikana kwamba dutu hizi hazitoki. Hukaa udongoni miaka, huingia kwenye mafuta ya mwili, hupanda hadi kwa samaki, ndege na binadamu. Mkataba wa Stockholm wa 2001 umezifungia, DDT ikiachiwa mlango mdogo wa kupambana na malaria. Lakini uliza kwa nini hazitoki, na jibu litakuwa la umbo. DDT ni pete mbili za benzini na atomu tano za klorini, molekuli inayopenda mafuta na kuyakimbia maji, isiyo na mahali ambapo maji, jua au kimeng'enya kinaweza kuishika na kuivunja. Basi tuilaumu klorini? Permethrini, iliyobuniwa na Michael Elliott na wenzake Uingereza mwaka 1973, ina klorini mbili, nayo huvunjwa haraka na ini la binadamu, kwa sababu katikati yake kuna kiungo cha oksijeni kinachokatika. Kiungo hicho Elliott alikiiga kutoka kwenye ua la pareto, lile jeupe la nyanda zetu za juu. Na pareto, pamoja na utukufu wake wote wa kuwa ua, huua samaki na nyuki kwa kiasi kidogo sana. Linaloisaidia ni kwamba jua huivunja kwa saa chache. Elliott alibadilisha sehemu ya umbo ili jua lisiivunje upesi.

Permethrini hiyo ndiyo iliyotumika Kisongo, nje ya jiji la Arusha, ambako kiwanda cha A to Z kilianza mwaka 2003 kutengeneza vyandarua vya Olyset kwa teknolojia ya Sumitomo Chemical ya Japani. Nyuzi za chandarua hicho ni polithilini, yaani ule mnyororo wa kaboni na haidrojeni uliorefushwa hadi maelfu, na permethrini imefungiwa ndani ya uzi wenyewe, ikijipenyeza kidogo kidogo hadi juu chandarua kikioshwa. Mshumaa na chandarua ni ukoo mmoja. Tofauti yao ni idadi ya kaboni.

Litabaki pingamizi la mtu mwenye kikapu sokoni: mimi sijui kuchora pete, neno “asilia” ndilo msaada pekee nilio nao. Namwelewa, na simtaki awe mkemia. Ila maswali yenye manufaa hayahitaji maabara. Ni kiasi gani? Inaingia mwilini kwa njia gani, pua, ngozi au mdomo? Inakaa muda gani kabla ya kuvunjika? Kibandiko cha kiuatilifu hueleza siku za kusubiri kabla ya kuvuna, kwa sababu wataalamu wamepima kuvunjika huko. Mkulima wa nyanya anayezihesabu siku hizo humlinda mlaji. Anayezipuuza kwa kuwa dawa yake imeandikwa “ya mimea” anamdhuru mlaji huyohuyo.

Kwamba umbo ndilo linaloamua, mbu wamelijua kabla yetu. Katika maeneo mengi ya Afrika Mashariki wamepata badiliko dogo kwenye mlango wa sodiamu wa mishipa yao ya fahamu, na badiliko hilo moja linawakinga dhidi ya DDT ya maabara, permethrini ya kiwandani na pareto ya shambani kwa pamoja, kwa kuwa zote tatu hugonga mlango uleule. Wengine wana vimeng'enya vinavyoikata dawa kabla haijafika. Jibu lililopatikana lilijaribiwa Muleba, mkoani Kagera, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018: chandarua chenye permethrini kilichoongezewa piperonili butoksaidi, dutu inayovifunga vimeng'enya hivyo, kiliwakinga watoto na malaria kuliko kile cha kawaida. Piperonili butoksaidi hutengenezwa kutokana na safroli, mafuta yenye harufu nzuri yanayopatikana kwenye sasafrasi na miti ya jamii yake. Safroli yenyewe, ikiwa bado ni ya mti na haijaguswa na kiwanda, ilipigwa marufuku kwenye vyakula Marekani mwaka 1960, baada ya kuonekana ikisababisha uvimbe kwenye ini la panya.